Kwa nini treni ilisimama Mombo

Tangu treni ya abiria irudi kwenye njia ya Kaskazini, ikifika Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, vijiwe vya Muheza, Korogwe na Mombo vimejaa maswali. Mbona treni inakatiza mkoa wa Tanga lakini Tanga mjini haifiki? Hii ndiyo SGR au siyo? Reli ya kwanza nchini si ilianzia Dar es Salaam? Na mji mdogo kama Mombo ulipataje stesheni ya maana, wakati vijiji vyenye watu wengi zaidi kule juu Usambara havijawahi kusikia honi ya treni?

Majibu yake yanatoka mahali pamoja. Treni kupita mahali hakuzai mji. Kinachozaa mji ni treni kusimama, na katika njia hii treni haikusimama ovyo. Ilisimama pale reli ilipoishia, pale kichwa cha treni kilipohitaji maji na kuni, pale treni mbili zilipopishana, au pale mzigo ulipobadilisha chombo. Mombo ilipata sababu hizo zote, moja baada ya nyingine, na ndiyo maana historia yake inaeleza vizuri kuliko ya mji wowote mkubwa jinsi reli ya Tanga ilivyofanya kazi.

Kwanza tuyaweke sawa maneno machache. Geji ni upana kati ya reli moja na nyingine, ukipimwa ndani kwa ndani. Reli ya Tanga hadi Arusha ni ya geji ya mita, yaani milimita 1,000. Wengi siku hizi huiita MGR. SGR ni geji ya milimita 1,435. Mataruma ni yale mapande ya mbao, chuma au zege yanayolazwa kukatiza chini ya reli ili zisitanuke wala kusogeleana. Kokoto zilizojazwa kati ya mataruma si pambo: zinagawa uzito, zinapitisha maji ya mvua na kuzuia taruma lisiteleze. Tuta ni udongo ulioinuliwa ili reli ikae juu ya usawa wa ardhi. Basi. Treni inayokwenda Arusha leo inapita kwenye geji ya mita, njia ileile iliyoanza enzi za Mjerumani, ingawa vyuma vingi vimebadilishwa.

Njia ilikuwepo kabla ya reli

Kuna dhana kwamba Mjerumani alikuta pori tupu akachora mstari. Sivyo. Karne ya 19 misafara ilikuwa ikitoka Tanga na Pangani kwenda Kilimanjaro ikifuata bonde la mto Pangani, milima ya Usambara ikiwa mkono wa kulia. Njia hiyo ilikuwa na maji yanayoshuka milimani, chakula cha kununua na ardhi tambarare. Biashara yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba baada ya Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, kufariki, mwanawe Semboja hakuona haja ya kukaa juu Vuga, makao ya jadi ya Wakilindi, ukoo wa watawala hao. Alimweka mwanawe Vuga, yeye akakaa Mazinde, chini bondeni, jirani na ilipo Mombo ya leo, mahali pa kuidhibiti misafara na ushuru wake. Madaraka yalishuka mlimani kufuata njia ya biashara. Reli ilipokuja miongo michache baadaye, ilifuata mantiki ileile: mguu wa mlima, kando ya maji.

Hesabu ya mzigo inaonyesha kwa nini reli ilitakiwa kwa pupa. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30. Behewa dogo la tani 10 hubeba mizigo ya wapagazi zaidi ya 330, na halihitaji kulishwa njiani.

Kilomita 40 kwa miaka mitatu

Reli ya kwanza Tanganyika haikuanzia Dar es Salaam. Ilianzia Tanga mwaka 1893. Reli ya Kati kutoka Dar ilianza kujengwa 1905, miaka 12 baadaye. Hata Bagamoyo, iliyokuwa mdomo wa misafara ya bara na makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, haikupata reli. Maji yake ya pwani ni ya kina kifupi, meli kubwa zilitia nanga mbali, na hilo peke yake liliiondoa kwenye hesabu. Tanga ilikuwa na ghuba nzuri, na nyuma yake kulikuwa na Usambara ambako walowezi walitaka kulima kahawa.

Kampuni binafsi iliyopewa kazi ilifika Pongwe 1894 na Muheza 1896. Hizo ni kilomita 40 tu kwa miaka mitatu. Mtaji ulikuwa mdogo, vibarua hawakutosha, na tuta lililojengwa kwa haraka lilichukuliwa na mvua. Pale Muheza fedha zikakauka. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni iliinunua reli yote, ikalazimika kutengeneza upya sehemu zilizoharibika kabla ya kusonga mbele. Reli ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, na Moshi 1911.

Zitazame sasa zile kilomita kutoka Tanga: Muheza 40, Korogwe 84, Mombo 129, Buiko 174. Pengo kati ya mji na mji ni kilomita 40 hadi 45 kila mara. Hivi havikuwa vituo vilivyochaguliwa kwa uzuri wa mandhari. Ni mahali ambapo ujenzi ulifikia kikomo cha fungu lake la fedha, ukatulia kwa miaka kadhaa, kisha ukaendelea. Na kila ulipotulia, mji ulichipua.

Miaka minne ya kuwa mwisho wa reli

Kati ya 1905 na 1909 Mombo ilikuwa ncha ya reli. Ni kama kituo cha mwisho cha daladala: vituo vya katikati abiria anashuka na kwenda zake, lakini kituo cha mwisho ndiko kunakoota mama lishe, fundi viatu, bodaboda na nyumba za kulala. Mwisho wa reli ulihitaji vingi zaidi. Kichwa cha treni lazima kigeuzwe au kizungushwe upande wa pili wa mabehewa, kwa hiyo zilitandikwa reli za pembeni. Mizigo iliyokuwa ikisubiri wapagazi au mikokoteni ilihitaji ghala. Wafanyakazi waliolala hapo walihitaji nyumba, na wote hao walihitaji duka. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakifuata ncha ya reli kituo kwa kituo, na wakulima wa Kisambaa wakashuka na ndizi, mahindi na mboga kuuza.

Nguvu kazi haikuja kwa hiari tu. Kuanzia 1907, katika wilaya iliyojumuisha Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kulikuwa na utaratibu wa kadi: mwanamume alitakiwa kufanya kazi kwa mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, na kadi yake iwekwe alama. Asiyeweza kuionyesha aliweza kupelekwa kazi ya umma kwa lazima. Anayesimulia miji hii kama zawadi ya ukoloni anaiacha kadi hiyo nje ya hadithi, na haifai kuachwa.

Kwa kawaida ncha ya reli ikisogea, mji unanyauka. Buiko ilikuwa ncha mwaka 1909, na leo wasafiri wengi huipita bila kugeuza shingo. Mombo haikunyauka reli ilipoendelea mbele, na sababu yake ni mlima.

Kwa nini treni haikupanda Lushoto

Hili ndilo swali ambalo watu wa Lushoto na Soni huuliza kwa uchungu kidogo, na jibu lake ni hesabu nyepesi. Kutoka Mombo hadi Lushoto kuna kimo cha takriban mita 1,000. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linashika kidogo sana. Ndiyo sifa yake njema kwenye tambarare, kwa sababu kichwa kimoja kinavuta mabehewa mengi kwa nguvu ndogo, na ndiyo balaa yake mlimani. Kwa mwinuko wa 1 kwa 40, yaani kupanda mita moja kila mita 40, ambao tayari ni mkali kwa treni ya mizigo, unahitaji kilomita 40 za reli ili upande mita 1,000. Barabara ya sasa inafika Lushoto kwa kilomita 33 hivi, na imejaa kona ambazo treni isingeweza kukata. Reli ingelazimika kuzunguka kwenye miteremko ya mawe, kwa madaraja na makato, ili kufikia mji mdogo wa utawala. Haikulipa.

Wengine walijaribu njia nyingine za kuuteremsha utajiri wa mlima. Mbele ya Mombo, pale Mkumbara, kampuni ya mbao ilijenga njia ya waya ya kilomita kama 9 kutoka msitu wa Shume hadi stesheni, magogo yakishuka angani yakining'inia. Upande wa Usambara Mashariki kulijengwa reli nyembamba ya milimita 750 kutoka Tengeni hadi Sigi, kilomita kama 23, kwa ajili ya mbao na kwa kuihudumia taasisi ya utafiti wa kilimo ya Amani iliyoanzishwa 1902. Njia hiyo ilipanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma: treni inaingia kwenye ncha, pointi, yaani vipande vya reli vya kubadilishia njia, zinabadilishwa, inapanda kinyumenyume hadi ncha nyingine. Nyumba ya stesheni ya Sigi bado ipo, ndani ya hifadhi ya Amani.

Kwa upande wa Mombo ikabaki barabara. Kila gunia la kahawa, kila tenga la mboga na kila barua ya Lushoto ililazimika kushuka kutoka kwenye chombo kimoja na kupanda kingine hapo Mombo. Mzigo unaposhuka na kupakiwa upya, kuna mchukuzi, mpima mizani, mlinzi wa ghala, karani na mpishi wanaolipwa. Hapo ndipo mji uliposhika mizizi. Ncha ya reli ilihama, lakini njia panda haikuhama.

Maji, kuni na kibali

Kizazi cha leo kimezoea dizeli na umeme, kwa hiyo ni vigumu kuona kwa nini stesheni zilikuwa nyingi na karibukaribu. Kichwa cha mvuke kinakunywa kuliko kinavyokula. Kilo moja ya kuni kavu hugeuza kilo tatu au nne za maji kuwa mvuke, na mvuke huo ukishasukuma pistoni unatokea kwenye bomba la moshi na kupotea hewani. Ndiyo ule mlio wa chafu, chafu. Maji hayarudi. Kwa hiyo kila masafa fulani lazima kuwe na tangi lililoinuliwa, bomba nene linaloweza kuzungushwa juu ya kichwa, na rundo la kuni zilizokatwa kwa urefu mmoja.

Si maji yoyote yanafaa. Maji yenye chokaa au chumvi yakichemshwa huacha gamba gumu ndani ya boila. Gamba hilo linazuia joto lisifike kwenye maji, chuma cha mirija kinapata moto kupita kiasi, kinapinda, kinavuja, na hatimaye kinapasuka. Kwa hiyo boila hufunguliwa na kuoshwa mara kwa mara, na kadiri maji yalivyo mabaya ndivyo kazi hiyo inavyohitajika mara nyingi zaidi. Mombo ina vijito vinavyoshuka Usambara, maji laini ya mvua za mlimani, yanayoweza kuletwa kwa mteremko bila pampu. Ukiipita na kuelekea Mkomazi na Hedaru unaingia ukame, upande ambao milima inazuia mvua. Dereva mwenye akili alijaza tangi kabla ya kuingia huko.

Kisha kuna kupishana. Reli hii ni ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupitana popote ila penye reli ya pembeni. Utaratibu ulikuwa, na kwa asili yake bado ni, huu: stesheni masta haruhusu treni kuondoka mpaka mwenzake wa stesheni inayofuata athibitishe kwamba kipande kati yao ni kitupu. Dereva hapewi maneno ya mdomo. Anakabidhiwa kibali anachokishika mkononi, na asipokuwa nacho hatoki. Akifika anakisalimisha, ndipo kipande kinahesabiwa kuwa wazi. Kila mmoja akifuata hatua hizo, ajali ya uso kwa uso haiwezekani. Zinapotokea, mara nyingi kuna mtu aliyeruka hatua moja.

Jambo ambalo wengi hawalijui: urefu wa reli ya kupishania ndio unaoamua urefu wa treni. Ukiwa na nafasi ya mita 300 huwezi kuendesha treni ya mita 500 hata kama kichwa chako kina nguvu za kuivuta, kwa sababu mkia utabaki umeziba njia kuu. Ukisikia watu wakiuliza kwa nini wasiongeze tu mabehewa, jibu la kwanza liko hapo.

Vita na vireli vya Handeni

Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walishuka Tanga wakiwa na jeshi kubwa zaidi, wakashindwa. Sababu moja ni reli: askari waliokuwa upande wa Moshi waliletwa kwa treni na kuwahi vita. Lakini reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa hazijaungana, na hilo liliwatesa Wajerumani. Suluhisho lao lilianzia Mombo. Walikusanya vireli vyepesi vya mashambani, wakatandika njia ya troli kutoka Mombo hadi Handeni, zikisukumwa kwa mikono ya watu, ili vifaa vielekee kusini upande wa Reli ya Kati. Juni 1916 Waingereza waliiteka Mombo, wakakuta madaraja yamevunjwa na njia imeharibiwa nyuma ya waliokuwa wakirudi.

Vita iliacha jeraha la kiuchumi lililodumu zaidi ya madaraja. Ili kulisha jeshi lao, Waingereza walijenga reli kutoka Voi nchini Kenya kupitia Taveta hadi kuungana na njia ya Tanga pale Kahe. Baada ya vita njia hiyo ilibaki, na sehemu ya mizigo ya Kilimanjaro ikaanza kwenda Mombasa badala ya Tanga. Njia ya Tanga nayo ilirefushwa hadi Arusha mwaka 1929.

Katani ndiyo iliyolipa nauli

Watu husema reli ya Tanga ilijengwa kwa ajili ya kahawa ya Moshi. Mwanzoni matumaini yalikuwa kahawa ya Usambara, nayo ilikatisha tamaa. Kilichoibeba reli ni katani. Mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo yalitokea mashamba yaliyoufunika ukanda wote wa Ngomeni, Muheza, Korogwe, Mombo na Mazinde.

Katani na reli vinaoana kwa sababu ya uzito. Katika kilo 100 za majani unapata kama kilo 4 tu za nyuzi, yaani tani moja ya nyuzi inatokana na tani 25 hivi za majani. Majani hayawezi kusafiri mbali wala kusubiri. Yakikaa siku mbili tatu yanaanza kukauka na nyuzi zinashindwa kutoka vizuri. Ndiyo maana kila shamba kubwa lilikuwa na vireli vyake vya troli vya kuleta majani kwenye korona, mashine inayoyaponda na kuyakwangua huku maji mengi yakimwagwa. Nyuzi zikianikwa, kupigwa brashi na kushindiliwa, zinafungwa marobota ya kilo 250. Marobota manne ni tani moja, arobaini yanajaza behewa la tani 10. Zao hili halina msimu wa wiki mbili kama matunda; hukatwa mwaka mzima, halivunjiki wala haliozi njiani. Kwa mtu wa reli hakuna mteja bora kuliko huyo.

Mashamba yalivuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali, wengine kutoka mikoa ya magharibi na kusini na nchi jirani. Ndiyo maana katika miji hii utakuta ukoo wa Kiha au Kinyamwezi uliokaa vizazi vitatu, na misikiti na makanisa yenye waumini wa makabila yasiyo na asili ya Usambara. Lugha ya stesheni, ya korona na ya soko ilikuwa Kiswahili.

Kilichoiua, na kilichoirudisha

Maelezo ya haraka ni kwamba wazembe waliiua reli. Uzembe ulikuwepo, lakini ukiishia hapo hutaelewa kitu. Tanganyika ilizalisha kama tani 230,000 za katani mwaka 1964. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yaliyotaifishwa baada ya 1967 hayakupata uwekezaji wa kupanda upya. Mteja mkuu wa reli akawa anakufa taratibu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Karakana kuu ya reli ilikuwa Nairobi. Mpaka na Kenya ulifungwa hadi 1983, na njia ya Kahe kwenda Voi ikakosa kazi. Tanzania ilibaki na vichwa vichache na uwezo mdogo wa kuvikarabati. Wakati huohuo barabara ya lami ya Chalinze, Segera, Korogwe hadi Moshi ilifanya basi lishinde treni kwa muda, na lori lichukue mzigo mlangoni na kuufikisha mlangoni. Treni ya abiria ya Kaskazini ilisimama miaka ya 1990.

Juu ya hayo kuna adui wa asili wa reli hii, nayo ni maji yaleyale yaliyoipa uhai. Tuta linalokatiza mguu wa mlima ni ukuta mbele ya mito yote inayoshuka. Maji yanapita chini yake kwenye makalvati. Mlima ukikatwa miti na kulimwa hadi kingo za mto, mvua inaleta tope, kalvati linajaa hadi nusu, na mafuriko yanayofuata hayana pa kupita. Yanajaa upande wa juu mpaka yaruke tuta. Yakiruka yanazoa kokoto kwanza, halafu udongo, reli zinabaki zikining'inia na mataruma yake kama ngazi. Genge la wafanyakazi linalozibua makalvati kabla ya masika linagharimu kidogo sana kuliko kujenga tuta upya. Njia isipokuwa na treni, genge linaondolewa, na mvua mbili tatu zinatosha. Baada ya hapo wezi wa chuma chakavu hufuata mataruma.

Njia ilikarabatiwa, mizigo ikarudi Julai 2019, abiria wakafuata. Na hapa ndipo linapojibika swali la Tanga mjini. Mwaka 1963 ilijengwa reli ya kuunganisha, kilomita 188 hivi, kutoka Ruvu kwenye Reli ya Kati hadi eneo la Mnyusi, kwenye makutano ya Mruazi, kati ya Muheza na Korogwe. Treni inayotoka Dar inaingia kwenye njia ya Tanga hapo, katikati yake, kisha inaelekea Korogwe, Mombo na Moshi. Tanga iko upande wa pili, mashariki. Kuipitia kungemaanisha kurudi pwani, kisha kugeuza na kupita njia ileile tena. Hakuna aliyeinyima Tanga treni hiyo. Ni sura ya makutano. Abiria wa Tanga mjini atahitaji treni yake mwenyewe, na hilo ni dai tofauti lenye haki yake.

Mawe ya Mjerumani

Hakuna uvumi unaoumiza njia hii kama wa mali zilizofukiwa. Mawe yenye namba au alama ya msalaba kandokando ya reli na kwenye vilima huchimbwa na watu wanaoamini yanaonyesha rupia za dhahabu. Mawe hayo ni ya upimaji: mengine yanahesabu kilomita, mengine yanaonyesha mpaka wa eneo la reli, mengine ni nukta ambazo wapimaji walizitumia kupata kimo na mwelekeo. Anayeling'oa anafuta kumbukumbu ya mpaka wa ardhi, na anayechimba shimo kwenye ubavu wa tuta anafungua njia ya maji. Shimo la mita moja leo linakuwa pengo la mita kumi masika ijayo, na treni ya usiku hailioni.

Mwenye hamu ya historia ana hazina halali ya kusoma. Tazama ubavu wa reli, kati ya kichwa chake na kitako: kiwanda kilikandamiza humo jina lake, mwaka na mara nyingi aina ya reli. Vipande vya zamani vilivyotolewa njia kuu mara nyingi huishia kwenye reli za pembeni au hufanywa nguzo za uzio, kwa hiyo huko ndiko pa kutafuta miaka ya mwanzo. Mataruma ya chuma yaliyobonyea kama bakuli refu lililofunikwa yanaeleza jambo lingine: wajenzi waliogopa mchwa, ambao hulimaliza taruma la mbao laini kwa miaka michache tu.

SGR na stesheni ya Mombo

Mpango wa kujenga SGR kutoka Tanga kuelekea Arusha na Musoma umezungumzwa kwa muda mrefu, na wengi hudhani itapanuliwa tu reli iliyopo. Haiwezekani kwa sehemu kubwa. Tofauti ya milimita 435 ndiyo ndogo kuliko zote. Kona za 1905 zilikatwa kwa treni za mwendo wa pole. Treni ya kilomita 160 kwa saa inahitaji kona pana mno, madaraja yenye nguvu nyingine na uzio wa kuzuia mifugo na watu. Njia mpya hujengwa pembeni, wakati mwingine mbali na mji wa zamani.

Zaidi ya hapo, sababu za kusimama zimebadilika. Treni ya umeme haihitaji maji wala kuni. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro, masafa ya kilomita 200 hivi, stesheni za abiria za SGR ni sita: Dar, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro, wastani wa kilomita 40 kwa kila pengo. Ukiupeleka wastani huo kwenye njia ya Tanga unaangukia karibu palepale, Muheza, Korogwe, Mombo, na vituo vidogo vya katikati vinaachwa. Mombo ina hoja inayosimama: barabara ya Lushoto inaanzia hapo, mboga na matunda ya mlimani yanashukia hapo, mpunga wa umwagiliaji uko hapo, na mabasi ya Kaskazini tayari yanasimama hapo kwa chakula. Wakazi wakiitwa kwenye mkutano wa wapimaji, la kuuliza kwanza ni stesheni itakaa kilomita ngapi kutoka kwenye njia panda ya Lushoto, nani atajenga barabara ya kuifikia, na kama kutakuwa na reli ya pembeni ya kupakia mizigo au jukwaa la abiria peke yake.